Singapore: kura haziibwi, mchezo uko kwenye kanuni

Kila PAP (People's Action Party, chama tawala) inaposhinda uchaguzi Singapore, hakosekani wa kusema "wameiba kura" au "kule chama ni kimoja tu". Yote mawili si kweli. Vyama vya upinzani vimesajiliwa, na mawakala wao hushuhudia kura zikihesabiwa. Mwaka 2011 Workers' Party, chama cha upinzani, ilitwaa jimbo la Aljunied na kumwangusha George Yeo, waziri wa mambo ya nje. Mwizi gani wa kura angeliachia hilo?

Tazama kanuni. Tangu 1988 kuna majimbo ya timu, na leo ndiyo yenye viti vingi. Humo humchagui mtu mmoja, unachagua orodha nzima ya chama, na lazima iwe na mgombea wa jamii ya wachache. Timu ikishinda hata kwa kura kiduchu, inabeba viti vyote. Sasa chama kidogo kitafute watu watano wanaouzika, na kwa kila mmoja kiweke dhamana (mwaka 2025 ilikuwa dola 13,500 za huko). Hesabu mwenyewe. Ndiyo maana 2020 PAP ilipata asilimia 61 ya kura lakini viti 83 kati ya 93. Mipaka ya majimbo nayo huchorwa na kamati inayoteuliwa na waziri mkuu.

Ila tusidanganyane: wengi wanaipa PAP kura kwa hiari yao. Mwaka 2025, chini ya waziri mkuu Lawrence Wong, ilipanda hadi zaidi ya asilimia 65.