Kitanzi Ambacho Hakimo Kwenye Mchoro

Nikiitwa kurekebisha mchakato, kwanza huonyeshwa mchoro: visanduku saba, mishale, sahihi mwishoni. Nautazama kwa heshima, kisha naomba nifuate ankara moja tangu inapoingia hadi inapolipwa.

Katika kampuni moja niliikuta ankara imetumwa mara tatu. Mtumaji aliona kimya, akairudia, halafu akaipeleka kwa meneja ikiwa na neno HARAKA. Mhasibu akajikuta na ankara tatu za deni moja, na kazi mpya ya kuhakikisha halilipwi mara mbili. Ucheleweshaji umezaa kazi, kazi nayo ikazaa ucheleweshaji: kitanzi ambacho hakimo kwenye mchoro.

Hapo ndipo ninapoihitaji nadharia ya mifumo changamano. Injini ni tata, lakini ukiifungua na kuifunga vizuri inabaki injini ileile. Watu hawako hivyo; wao ni mfumo changamano. Ukiwawekea kanuni, nao wanajipanga upya kuizunguka. Ongeza ngazi ya idhini kwa malipo makubwa, uone yatakavyokatwa vipande vipande. Dave Snowden, aliyeanza kuunda Cynefin, mwongozo wa kufanya maamuzi kulingana na aina ya hali, mwaka 1999 akiwa IBM, alizitenga hali hizi mbili: kwenye utata unachambua ndipo utende, kwenye uchangamano unajaribu kidogo, unatazama, ndipo unaitikia. (Cynefin ni neno la Kiwelisi. Kulitamka ni mtihani mwingine.)

Wanaoniita hushtushwa zaidi na hesabu ya foleni. Chukua mwidhinishaji mmoja, ankara zinamjia ovyo, nyingine nyepesi, nyingine nzito. Akishughulika asilimia 80 ya muda wake, kwa kanuni rahisi kabisa ya foleni, ankara husubiri kwa wastani muda wa kushughulikia ankara 4. Kwenye asilimia 90 ni 9. Kwenye 95 ni 19! Kazi imeongezeka kidogo tu, kusubiri kumekaribia mara tano. Meneja anayejisifu kwamba kwake hakuna anayekaa bure ndiye aliyeijenga foleni hiyo.

Mchoro wa kampuni ile sikuugusa. Tulijaribu wiki mbili, timu moja: ankara ikipokewa, mtumaji anajibiwa papo hapo na kupewa tarehe ya malipo. Marudio yakapungua, mhasibu akapumua. Tukahamishia mbinu hiyohiyo timu ya pili, haikufanya kazi. Kule, tulikuja kugundua, watu walituma mara mbili kwa sababu mwidhinishaji alishughulikia tu barua pepe zilizo juu kabisa ya orodha yake. Tukaanza jaribio jingine.