Home Depot: mauzo yamepanda sawa, ila yametoka wapi?

Kazi yangu ni kusoma ripoti za mwaka za makampuni ya rejareja, na kila Home Depot, wale wauzaji wa vifaa vya ujenzi na matengenezo ya nyumba wa Marekani, wakitoa ya kwao watu wananitumia mstari uleule wa juu: mauzo ya mwaka wa fedha 2024 ni dola bilioni 159.5, yamepanda kama 4.5%, mambo moto. Namba ni ya kweli kabisa. Ila ukifungua kurasa za ndani kidogo tu unakuta mauzo ya maduka yaleyale, yaani yale yaliyokuwa wazi mwaka jana na mwaka huu bado yapo, yameshuka 1.8%. Sasa inakuwaje?

Juni 2024 walinunua kampuni inaitwa SRS Distribution kwa dola bilioni 18.25. Hawa wanawauzia mafundi vifaa vya kuezekea, vya bustani na vya mabwawa ya kuogelea, na kwa miezi iliyobaki ya mwaka wakaleta kama bilioni 6.4. Afu mwaka wenyewe ulikuwa na wiki 53 badala ya 52, hiyo wiki moja ya ziada ni kama bilioni 2.5 nyingine. Vitoe vyote viwili unabaki na 150.6, na mwaka uliotangulia walikuwa na 152.7. Kwa hiyo duka lenyewe, lile unaloingia na toroli kuchukua rangi na misumari, limeuza pungufu.

Hili swali la mauzo yametoka wapi ndo limewafuata tangu zamani, na historia yao naisoma kwa jicho hilo.

Waanzilishi wake, Bernie Marcus na Arthur Blank, walifukuzwa kazi mwaka 1978 kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi inaitwa Handy Dan. Ken Langone akawatafutia wawekezaji, na Juni 1979 wakafungua maduka mawili ya kwanza Atlanta. Maduka yenyewe yalikuwa makubwa kama maghala na pesa ya kuyajaza bidhaa hawakuwa nayo, ikabidi shelfu za juu wapange maboksi matupu na makopo ya rangi yasiyo na kitu ndani ili mteja akitazama juu aone mali imejaa hadi darini. Siku ya kufungua, watoto wao walisimama mlangoni wanagawa noti za dola moja kwa anayeingia, na jioni noti zilibaki, maana waliokuja walikuwa wachache. Mi hiyo picha ya noti zilizobaki naipenda sana, maana inaonyesha kilichowaokoa hakikuwa ukubwa wa duka. Kilichowaokoa ni bei ya chini na wafanyakazi waliojua kazi, unafika na bomba linalovuja unakutana na mtu aliyewahi kuwa fundi bomba kweli, anakuelekeza mwenyewe ukatengeneze. Ukifanikiwa unarudi kununua kitu cha mradi mwingine, na huo ndo ukuaji unaotoka ndani ya duka.

Walipojaribu kununua ukuaji mara ya kwanza iliwauma. Mwaka 1984 walinunua maduka ya vifaa vya nyumba ya kampuni ya Bowater, mengi yakiwa maeneo ya Dallas, yakiwa na bidhaa na wafanyakazi wasioendana na mfumo wao, na mwaka uliofuata mauzo yakapanda vizuri tu huku faida ikishuka. Wakapunguza kasi, wakajipanga upya, na ilipofika 1989 wakawa wameipita Lowe's, mpinzani wao mkubwa.

Halafu kipindi cha Robert Nardelli, aliyetoka General Electric mwisho wa mwaka 2000 kuja kuwa mkurugenzi mkuu. Hapa lazima niwe muungwana kwake: mauzo yalitoka kama bilioni 46 hadi kama 91, na faida nayo ikapanda zaidi ya mara mbili. Mtu akikuonyesha hizo namba bila jina utasema huyu apewe tuzo. Lakini bei ya hisa haikwenda popote miaka yote sita wakati ya Lowe's inapaa, kwa sababu soko liliona kinachoendelea chini: wafanyakazi wa kudumu wenye uzoefu walipungua, wa muda wakaongezeka, wateja wakaanza kulalamika hawapati mtu wa kuwasaidia, na sehemu ya ukuaji ilitoka kwenye makampuni yaliyonunuliwa na kuwekwa chini ya HD Supply, kitengo chao cha kuwauzia wakandarasi. 2006 mauzo ya maduka yaleyale yalishuka. Januari 2007 akaondoka na malipo ya kama dola milioni 210, na mwaka huohuo HD Supply ikauzwa kwa bilioni 8.5. Frank Blake aliyemfuata alirudisha macho kwenye duka, ingawa soko la nyumba lilipoanguka mauzo yalishuka hadi kama bilioni 66 mwaka 2009.

Kuna mwaka mwingine wa kuutazama kwa karibu, nao ni 2022. Mauzo bilioni 157.4, faida bilioni 17.1, rekodi zote mbili kwa wakati huo. Ila hesabu ya miamala, yaani mara ngapi mteja kafika kaunta akalipa, ilishuka zaidi ya 5%. Kilichoziba pengo ni bili ya wastani, iliyopanda kutoka kama dola 83 hadi 90 kwa sababu vitu vilikuwa ghali. Watu walikuja mara chache zaidi wakalipa zaidi, na 2023 bei zilipotulia mauzo yakaanguka.

Wengi pia wananiuliza kuhusu mtaji hasi, maana kuna miaka, kwa mfano mwisho wa mwaka wa fedha 2018, mizania ilionyesha mtaji wa wenye hisa uko chini ya sifuri kwa kama bilioni 1.9, wakati faida ya mwaka huo ni bilioni 11.1. Wanadhani kampuni inafilisika. Hesabu yake iko hivi: tuseme mtaji ni 40, kampuni inapata faida 15, inalipa gawio 8, inanunua tena hisa zake za 15 na pengo inakopa. Mtaji unabaki 32, kila mwaka unapungua 8, mwaka wa tano ni sifuri na wa sita ni hasi, na duka halijapoteza hata mteja mmoja. Hatari ipo kwenye deni, siyo kwenye alama ya kutoa. Ndo maana 2024 walipokopa kuichukua SRS walisimamisha ununuzi wa hisa, na mi niliona wamefanya sawa.

Kwa sasa mwenye nyumba Marekani aliyechukua mkopo kwa riba ya kama 3% mwaka 2021 hataki kuhama akakope kwa riba ya kama mara mbili ya hiyo, na asiyehama hapaki rangi nyumba ya kuuza, na ukarabati mkubwa wa jiko wa kulipia kwa mkopo anauahirisha. 2025 wamenunua na GMS kupitia SRS, kama bilioni 5.5 pamoja na madeni yake, wauzaji wa jipsamu na dari. Ununuzi kama huo unapandisha mauzo ya jumla, kwa hiyo kila ripoti ikitoka mi naanzia kwenye mstari wa miamala.