Skeli ya manowari ya mfano: kwa nini urefu peke yake haukwambii kitu

Ukimsikia mtu akisema anaunda manowari Königsberg ya moja kwa arobaini na nane, hiyo "moja kwa arobaini na nane" ndiyo skeli. Ni neno lilelile tulilolikuta kwenye Jiografia tulipofundishwa kusoma ramani: sentimita moja ya hapa ni sentimita 48 za kule. Huandikwa 1:48. Maana ya mwanzo ni hiyo, na wengi huishia hapo. Lakini ramani haielei. Manowari ya mfano inayoongozwa kwa rimoti hushushwa majini, na maji hayakupunguzwa kwa skeli yoyote. Ni yaleyale yaliyobeba meli yenyewe. Kila ugumu wa kazi hii, na kila raha yake, umetokana na jambo hilo.

Nitaitumia Königsberg katika mifano yangu kwa kuwa ndiyo ninayoiunda, na kwa kuwa sisi wa pwani hii tuna haki ya kuijua. Ilikuwa kruza ya Wajerumani, iliyoshushwa majini mwaka 1905. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha kwenye delta ya Rufiji. Ilikaa humo hadi 11 Julai 1915, ilipopigwa vibaya na mabaharia wake wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake ilitolewa ikapiganiwa vita nchi kavu, na ukienda Fort Jesus, Mombasa, utaukuta mmoja. Usimame mbele yake uutazame mdomo. Ni sentimita 10.5. Kwenye mfano wa 1:48 tundu hilo lina milimita 2.2, na mizinga ya aina hiyo lazima uchonge kumi.

Meli yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 115 na kidogo, na upana wa mita 13.2. Gawanya kwa 48: unapata mita 2.4 kwa sentimita 27 na nusu. Gawanya kwa 96: mita 1.2 kwa sentimita 14 hivi. Unaweza kujiuliza kwa nini 48 na 96, wala si 50 na 100. Hizo ni namba za Waingereza na Wamarekani wanaopima kwa futi na inchi. Futi moja ina inchi 12, kwa hiyo ukisema robo inchi ya mfano iwe futi moja ya meli, umeshapata 1:48. Ukichukua thumni ya inchi, ni 1:96. Waliozoea mita huunda kwa 1:50, 1:100 au 1:200. Maji hayajali unatumia ipi.

Sasa uzito. Chukua mche wa sabuni, uukate katikati kwa urefu, kisha kwa upana, kisha kwa kimo. Umepata vipande vinane. Kila upande umepungua mara mbili tu, lakini kila kipande kina thumni ya uzito wa mche. Meli ni hivyohivyo. Urefu hugawanywa kwa 48 mara moja, ila uzito hugawanywa kwa 48, ukagawanywa tena kwa 48, kisha mara ya tatu kwa 48, yaani kwa 110,592. Königsberg ilikuwa na tani 3,390 hivi, kwa hiyo mfano wa 1:48 unatakiwa uwe na karibu kilo 31. Wa 1:96, ambao urefu wake ni nusu tu ya huo, unatakiwa uwe na kilo 3.8. Na ukithubutu 1:24, una chombo cha karibu mita tano chenye kilo 245.

Neno "unatakiwa" nimelitumia makusudi. Kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Hilo tulilisoma Fizikia. Manowari ya mfano ikiwa nyepesi kuliko hesabu hiyo, itakaa juu mno na rangi nyekundu ya chini itaonekana kama sketi iliyopanda. Ikiwa nzito, maji yatapanda juu ya mstari wake. Ili izame mpaka mstari wa maji uleule wa meli yenyewe, lazima uzito wake uwe ule wa skeli. Muundaji hana uhuru wa kuuchagua.

Bodi yangu ni ya faibaglasi, imefuata mataruma, yaani mbavu za chombo, ya mbao nyembamba. Ilipokauka ilikuwa na kilo tano. Niliweka mota mbili, shafti na rafadha zake, usukani, betri, na majengo yote ya juu ya sitaha, na bado nilikuwa mbali sana na kilo 31. Pengo hilo hujazwa na farumi, kama mabaharia wa majahazi walivyojaza mawe ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, kinaposafiri bila shehena. Farumi yangu ni vipande vya nondo. Nondo ya milimita 12 ina karibu gramu 890 kwa kila mita, kwa hiyo ni rahisi kuipigia hesabu kabla hujakata. Nilijenga birika la matofali nyuma ya nyumba, nikalitandika turubai, nikalijaza maji, kisha nikawa navipanga vipande kimoja kimoja juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, huku nikitazama mstari nilioupiga kwa penseli. Mara ya kwanza nilivigandisha kabla sijaziweka betri mahali pake pa kudumu. Meli ikainamia tezi, yaani nyuma, kwa sentimita nzima, nikalazimika kuving'oa vyote kwa patasi. Tangu siku hiyo hakuna kinachogandishwa mpaka kila kitu kiwe ndani, hata skrubu za mwisho.

Na farumi haihusiki na kimo cha meli majini tu. Huizuia isipinduke. Manowari ina milingoti, mabomba ya moshi, mizinga na daraja la nahodha, vyote juu, na katika mfano vitu hivyo karibu kila mara huwa vinene kuliko skeli inavyodai. Waya wa nusu milimita ukiufanya reli ya sitaha kwa 1:48, umetengeneza reli ya sentimita 2.4. Kwa 1:96 waya huohuo ni bomba la karibu sentimita tano. Ndiyo maana huko juu hutumika plastiki nyembamba na mbao laini, na chuma chote hushuka kwenye mkuku. Njia ya kupima ni ya zamani: bonyeza ukingo wa sitaha kwa kidole mpaka maji yaukaribie, kisha achia. Ikiinuka kwa nguvu na kutulia, ni salama. Ikiinuka polepole, kama mtu anayefikiria, usiipeleke bwawani.

Mwendo nao una hesabu yake, na hapa ndipo wengi hukosea. Königsberg ilifika kilomita 44 kwa saa. Ukigawanya kwa 48 unapata chini ya kilomita moja kwa saa, mwendo wa kobe, na mfano ukienda hivyo hauonekani kama manowari hata kidogo. Aliyelitatua jambo hili ni mhandisi Mwingereza, William Froude. Katika miaka ya 1860 aliunda mabodi ya mfano ya ukubwa tofauti, akayakokota majini akipima upinzani wake, na mwaka 1872 akawa na birika lake maalumu la majaribio huko Torquay. Alionyesha kwamba mawimbi ambayo meli huyaunda kwa omo yake, yaani sehemu ya mbele, yatalingana kwa sura iwapo mwendo utagawanywa kwa kipeuo cha pili cha skeli, si kwa skeli yenyewe. Kipeuo cha pili cha 48 ni karibu 6.9. Kwa hiyo mfano wangu unatakiwa uende kilomita 6.4 kwa saa, mwendo wa mtu anayewahi daladala. Ukifika hapo, povu la omo na mkunjo wa maji ubavuni huwa kama wa kwenye picha za kale. Ukizidisha, meli huinua pua kama boti ya kasi, na sura yote ya manowari inapotea.

Muda nao hupungua kwa kipeuo hichohicho. Meli iliyochukua sekunde 10 kuyumba upande mmoja na kurudi, mfano wake wa 1:48 utayumba kwa sekunde moja na nusu, na wa 1:96 kwa sekunde moja. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kupenda mifano mikubwa, na kwangu ni sababu tosha. Mfano mdogo hurukaruka kama kizibo, ilhali mkubwa huinama na kurudi taratibu, na ukiutazama unaona tani. Fikiria pia upepo wa alasiri: kiwimbi cha sentimita tatu bwawani ni bahari ya mita moja na nusu kwa meli ya 1:48, na kwa ya 1:96 ni karibu mita tatu. Zote mbili zimo kwenye maji yaleyale.

Skeli huchaguliwa pia kwa kazi. Marekani kuna waundaji wanaopigana kwelikweli kwa 1:144: manowari zao hurusha gololi ndogo za chuma kwa msukumo wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ubavu ni ubao mwembamba wa balsa, na kinachotobolewa huzama mbele ya macho ya mwenyewe, kisha hutolewa na kuzibwa. Kwa skeli hiyo Königsberg ina sentimita 80 na kilo 1.1 tu za kugawana kati ya mota, betri, pampu na mizinga. Mwundaji wa Bismarck, manowari kubwa ya Wajerumani, ambayo hata kwa 1:96 ina mita 2.6 na kilo 47, ana tatizo la kinyume: nani atambebea mpaka majini. Na kuna mji wa Scarborough, Uingereza, ambako katika bustani ya Peasholm mapigano ya manowari ndogo yamekuwa yakionyeshwa tangu 1927. Zina urefu wa mita sita hivi, na baadhi huongozwa na mtu aliyeketi ndani yake.

Nimeacha mwisho ukarabati, maana huko skeli hurudi kukudai. Tuseme unatoa betri mbili za risasi, zile za volti 12 zinazotumika kwenye kengele za ulinzi, na kuweka za lithiamu. Utafurahi kwamba chombo kimepungua kilo tatu. Kwenye Königsberg ya 1:48 kilo tatu huinua bodi kwa milimita sita na ushee, ambazo kwenye meli yenyewe ni sentimita 30. Mstari wa maji umeharibika, na uzito uliotoka ulikuwa chini kabisa, pale ulipohitajika. Kilo hizo lazima zirudi kama farumi. Rimoti za kisasa za gigahezi 2.4 nazo zina sharti lake: mawimbi yake hayapenyi maji vizuri, kwa hiyo antena iliyokuwa imelazwa ngamani ipandishwe juu ya mstari wa maji.

Ukarabati mwingine ni wa kuhamisha mwaka. Manowari hubadilika maishani mwake, na mfano ni wa meli ya tarehe fulani. Warspite ya Waingereza ilipopigana katika vita vya baharini vya Jutland mwaka 1916 ilikuwa na mabomba mawili ya moshi. Katika miaka ya 1920 yakaunganishwa kuwa moja, na bodi ikaongezwa matumbo ya pembeni ya kuikinga na topido, upana ukatoka mita 27.6 hadi 31.7. Kisha kati ya 1934 na 1937 karibu majengo yote ya juu yalivunjwa na kujengwa upya. Mwenye Warspite ya 1916 akitaka kuifanya ya 1937, asidhani kazi ni kubadilisha bomba la moshi na kupaka rangi. Kwa 1:96 bodi inanenepa zaidi ya sentimita nne, inasukuma maji mengi zaidi, na hesabu ya uzito inaanza upya tangu mkuku.

Kwa hiyo kila manowari ya mfano inahitaji daftari la uzito, na kila kinachoingia au kutoka kiandikwe, hata kopo la rangi. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu unasema hivi: betri za risasi zimetoka, lithiamu zimeingia, pungufu kilo 2.8, nondo ya milimita 16, vipande vitatu vya sentimita 60, viwili katikati na kimoja kuelekea omo, birikani, mstari wa maji uko sawa pande zote mbili.