Mafunzo endelevu ya huduma kwa wazee: maana yake kwa mtoa huduma za afya

Mafunzo endelevu ya huduma kwa wazee ni elimu anayoipata mtoa huduma za afya akiwa tayari kazini, ili ajue kumpima, kumtibu na kumfuatilia mgonjwa mzee jinsi mwili wake ulivyo sasa. Kwa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mafunzo haya si ubingwa. Madaktari bingwa wa magonjwa ya wazee ni wachache mno, na mzee wa kijijini huenda asikutane na hata mmoja maishani mwake. Anayekutana naye ni tabibu wa zahanati, muuguzi, mtoa dawa dirishani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Hao ndio walengwa.

Wengi huyajua mafunzo endelevu kwa sura ya pointi. Mabaraza ya taaluma za afya huzihitaji wakati wa kuhuisha leseni: umehudhuria, umesaini, umepewa cheti. Lakini pointi zinathibitisha kwamba mtu alikuwepo ukumbini, basi. Swali la maana ni kama mwezi unaofuata anamhudumia mzee tofauti na alivyozoea.

Haja yenyewe inatokana na jinsi tulivyofundishwa vyuoni: ugonjwa mmoja mmoja, na mgonjwa wa mfano ni mtu wa makamo. Mzee hafuati mfano huo. Nimonia inaweza kumjia bila homa wala kikohozi, ikajionyesha kwa kukataa chakula, kuanguka au kuongea vitu visivyoeleweka. Mshtuko wa moyo unaweza kuja bila maumivu ya kifua. Bibi aliyewatambua wajukuu wake juzi na leo hawatambui ana dharura: kuchanganyikiwa kwa ghafla, yaani diliriamu, huanza ndani ya saa au siku chache na hupanda na kushuka, wakati ugonjwa wa kusahau, dimenshia, hujijenga kwa miezi na miaka. Anayevichanganya viwili hivi humrudisha nyumbani mtu mwenye maambukizi makali au sukari iliyoshuka, kwa maneno "ni uzee tu huo." Mafunzo mazuri huanza kwa kuipiga marufuku kauli hiyo mpaka vipimo vimefanyika.

Kwa upande wa vipimo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2017 mwongozo wa huduma jumuishi kwa wazee, na miaka miwili baadaye kitabu cha kuutekeleza ngazi ya msingi. Unaangalia maeneo sita: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio na hali ya nafsi. Uchunguzi wa awali ni mwepesi na hauhitaji maabara. Mtajie mzee maneno matatu, muulize tarehe na mahali alipo, kisha ayarudie yale maneno. Muulize kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia, na kama hamu ya kula imepotea.

Kwa mwendo kuna kipimo cha kiti, nacho ndicho kinachoharibiwa zaidi. Mzee hukaa kwenye kiti imara, akakunja mikono kifuani, akasimama wima na kukaa mara tano mfululizo bila kujisukuma kwa mikono. Akizidi sekunde 14, apelekwe kwenye tathmini ya kina. Mhudumu akitumia kiti cha plastiki kinachonesa, au akamwacha ashike magoti, nambari aliyoandika haina maana. Mazoezi haya hayafundishiki kwa slaidi. Washiriki wapimane wenyewe kwa wenyewe, kisha wampime mzee halisi mwalimu akiwaangalia.

Presha nayo ina namna yake. Mzee anayelalamika kizunguzungu alale dakika 5, apimwe, asimame, apimwe tena baada ya dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, kizunguzungu chake kimepata maelezo, na mara nyingi maelezo hayo yamo kwenye dawa anazomeza.

Dawa zinastahili muda mrefu kuliko mada nyingine yoyote, maana ndiko tunakowaumiza wazee kwa mikono yetu wenyewe. Figo za mzee huchuja taratibu zaidi, kwa hiyo dozi ya kijana humkalia mwilini. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari ya bei nafuu, inaweza kushusha sukari ya mzee na kuishikilia chini kwa saa nyingi. Amitriptilini ya maumivu ya mishipa ya fahamu, na hata piriton ya mafua, hukausha mdomo, huleta choo kigumu, huzuia mkojo na huvuruga akili. Diklofenaki ya maumivu juu ya enalaprili ya presha na dawa ya kukojoza huweza kuziangusha figo. Marekani wanayo orodha ya Beers, iliyoanza mwaka 1991 na kuhuishwa mara kadhaa, ukiwemo mwaka 2023, inayotaja dawa za kuepukwa kwa wazee. Inafaa kuisoma, ila ilinganishwe na dawa zilizopo kwenye rafu za kituo chako.

Kuna mnyororo mmoja ambao kila darasa linapaswa kuuchora ubaoni. Mzee anaanzishiwa amlodipini ya presha. Miguu inavimba, madhara yanayojulikana ya dawa hiyo. Mhudumu wa pili anaona uvimbe, anaandika furosemaidi, dawa ya kukojoza. Mzee sasa anaamka usiku mara nne kwenda chooni, choo kiko nje, giza, anaanguka na kuvunjika nyonga. Kila aliyeandika alitibu alichokiona. Kinga yake ni zoezi la mfuko: mzee aje na dawa zote alizonazo nyumbani, za hospitali, za duka la dawa na za mitishamba, zimwagwe mezani na kila moja iulizwe ni ya nini na aliianza lini. Dawa zikifika tano na kuzidi, zoezi hili si la hiari.

Hitilafu nyingine huja na vipimo vya kumbukumbu vya kuazima kutoka nje. Kumwambia bibi ambaye hakusoma achore saa au atoe saba saba kutoka mia ni kupima shule, si kumbukumbu. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, pamoja na wenzao wa Nigeria walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA kwa wazee wa namna hiyo: badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo alilooneshwa, na anataja wanyama anaowajua. Kabla ya kipimo chochote hakikisha anakusikia. Nta iliyoziba masikio imewapa wengi jina la usahaulifu. Na baada ya shikamoo, ongea naye yeye. Kumuuliza mtoto wake "anaumwa nini?" wakati mwenyewe amekaa hapo ni ufidhuli, tena hukupa historia ya mtu mwingine.

Kuhusu mpangilio, semina ya siku tatu hotelini ndiyo yenye mvuto, kwa sababu ya posho, na ndiyo yenye matunda haba. Mara nyingi huenda mganga mfawidhi, ambaye hagusi wagonjwa wengi, kisha uhamisho unamchukua pamoja na alichojifunza. Kinachofaa zaidi ni kipindi cha saa moja hapo hapo kituoni, kila wiki au kila wiki mbili, stadi moja kwa kipindi, kikijengwa juu ya mgonjwa aliyepita siku za karibuni. Wafunzwe wote wa zamu, akiwemo mtunza dirisha la wazee, na fomu ya uchunguzi ibaki kwenye faili la mgonjwa, isibaki kwenye begi la semina.

Kabla ya kuanza, chukua mafaili 10 ya wagonjwa wenye miaka 60 na zaidi, uangalie mambo matatu: uzito umeandikwa? orodha kamili ya dawa ipo? mwendo au kuanguka kumeulizwa? Rudia baada ya miezi mitatu kwa mafaili mengine 10, majibu yabandikwe chumba cha watumishi bila kutaja majina. Uzito ukiwa bado haujaandikwa, usikimbilie kuitisha somo jingine. Kaangalie kwanza kama mizani inafanya kazi.