Kabla ya upanga, shimo: tunayoyakosea kuhusu sehemu ya kwanza ya Xena

Mwulize mtu aliyekulia mbele ya runinga miaka ya 1990 Xena alianzaje, naye atakujibu kwa mikono. Atarusha duara la chuma lisiloonekana, atapiga ule ukelele, ataruka kiti. Ni nadra kumpata atakayekwambia kwamba mwanzoni kabisa mwa tamthilia yake, yule mwanamke anachimba shimo.

Sehemu hiyo ya kwanza ya tamthilia ya "Xena: Warrior Princess" inaitwa "Sins of the Past", yaani dhambi za zamani, na Marekani ilionyeshwa Septemba 4, 1995. Zilifuata nyingine hadi kutimia 134 katika misimu sita, lakini hii ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Na kila nikikaa na wapenzi wenzangu wa Xena, naona tunabishania mambo ambayo wala hayamo ndani yake. Nayaandika hapa kwa kuwa naipenda, na kwa kuwa naona tumeipunja.

Dhana: Xena alianza akiwa steringi

Alianza akiwa mtu aliyechoka na nafsi yake. Anapita juu ya farasi katika kijiji kilichoteketea, na humo anakuta mtoto wa kiume aliyebaki peke yake. Mtoto ana njaa. Wazazi wake wameuawa, na aliyewaua anamjua kwa jina: Xena. Hajui kwamba ndiye anayezungumza naye. Xena anampa chakula alichonacho, kisha anaondoka bila kujitaja.

Baada ya hapo ndipo linapokuja shimo. Anavua deraya yake, anaweka silaha chini, anazifukia kwa udongo kama mtu anayezika maiti. Anabaki na nguo ya ndani tu. Kama pasingetokea kitu, hadithi ingeishia pale.

Kinachotokea ni kundi la watu wa Draco, mbabe wa vita, wakiwaswaga wanakijiji wa Poteidaia ili wakawauze utumwani. Xena anawatazama akiwa mafichoni, na ukimwangalia vizuri utaona hataki kuingilia. Akishaingilia anaanza kwa mikono mitupu. Silaha zinafukuliwa baadaye, kwa sababu zinahitajika. Hiyo tofauti ni kubwa kwangu. Shujaa wa kawaida tunaoneshwa siku anayopewa upanga. Huyu tunaoneshwa siku aliyojaribu kuutupa ikashindikana.

Dhana: Ni binti wa mfalme

Kosa hili nalielewa, maana jina lenyewe la tamthilia linamwita binti mfalme mpiganaji. Lakini cheo hicho ni sifa aliyojipatia kwa kuongoza majeshi na kuchoma miji. Hakuzaliwa nacho. Mama yake, Cyrene, ana nyumba ya wageni katika mji wa Amphipolis: anapika, anapokea wasafiri, anauza vinywaji. Xena ni mtoto wa mama ntilie, tungesema huku kwetu, na nusu yote ya pili ya kipindi hiki ni safari ya kurudi mlangoni kwa mama huyo.

Dhana: Hapa ndipo alipozaliwa mhusika huyu

Alikuwa ameshaonekana mara tatu mapema mwaka huohuo wa 1995, ndani ya tamthilia ya Hercules, na alikuja kama adui. Mpango wa awali ulikuwa afe mwishoni mwa zile sehemu tatu. Watayarishaji waliona namna watazamaji walivyompokea, wakamwacha hai na kumpa tamthilia yake.

Hata Lucy Lawless hakuwa chaguo la kwanza. Nafasi alikuwa amepewa Vanessa Angel, mwigizaji wa Uingereza, akaugua asiweze kusafiri. Lawless alikuwa New Zealand, kwao, ameshaigiza wahusika wengine wadogo katika kazi za Hercules, na simu ilimkuta amekwenda kupiga kambi na familia yake. Nywele zake za asili si nyeusi vile. Zilipakwa rangi ili asifananishwe na wale wahusika wa nyuma.

Ndiyo maana "Sins of the Past" haipotezi muda kutueleza kwa nini anajuta. Kilichomgeuza kilitokea kwingine: jeshi lake lilimwasi, na ili aondoke ilimbidi apite katikati ya safu mbili za askari wake mwenyewe wakimpiga. Aliyeanzia hapa bila kuona zile tatu huwa anadhani toba yake imekuja ghafla.

Dhana: Ni hekaya ya Wagiriki wa kale

Nimesikia hata mwalimu akilisema hili darasani. Hakuna Xena katika hekaya za Ugiriki. Hayumo kwa Homer, hayumo popote. Alitungwa Marekani na watu wa miaka ya 1990, Robert Tapert akiwa mbele, na Tapert alikuwa shabiki mkubwa wa sinema za mapigano za Hong Kong. Ile miruko inayokana uzito wa mwili imetoka huko, Olimpo haina mkono hapo.

Cha kweli ni jina na miji. Xena ni umbo la kike la neno la Kigiriki lenye maana ya mgeni, na Wagiriki walilitumia kwa mgeni wa kukaribishwa na vilevile kwa mtu asiyejulikana anakotoka. Kiswahili nacho kina neno moja kwa wote wawili. Ukishajua hivyo, kipindi kinabadilika machoni: mwanamke aitwaye Mgeni anarudi kwao, anakuta amekuwa mgeni kweli.

Amphipolis ilikuwepo, kaskazini mwa Ugiriki kando ya mto Strymon. Waathene waliianzisha mwaka 437 KK. Poteidaia ilikuwepo pia, kwenye rasi ya Chalkidiki, na Socrates mwenyewe aliwahi kupigana vita huko akiwa askari wa Athens. Lakini usimpe mtoto tamthilia hii ajifunzie historia. Katika sehemu zilizofuata Xena anafika vita vya Troy, anapambana na Julius Caesar, na anamkuta Daudi akijiandaa kwa Goliathi. Kati ya watu hao kuna karne nyingi.

Dhana: Ilipigwa picha Ugiriki

Ni New Zealand, hasa Auckland na vitongoji vyake: misitu yake, fukwe zake zenye mchanga mweusi, mabonde yake ya kijani yasiyofanana hata kidogo na mawe makavu ya Ugiriki. Waigizaji wengi ni wa hukohuko. Draco, kwa mfano, aliigizwa na Jay Laga'aia, mzaliwa wa Auckland mwenye asili ya Samoa.

Dhana: Chuma, ukelele na wimbo ni mambo ya kubuni tu

Yale mambo matatu tunayoyaiga bila kufikiri yana kwao. Ile pete yenye makali, chakramu, ni silaha ya India. Wapiganaji wa Kisingasinga waitwao Nihang waliivaa kwenye vilemba vyao virefu, kadhaa kwa pamoja, na ilirushwa kweli vitani. Kilichobuniwa ni tabia yake ya kugonga ukuta, mti na kofia ya chuma kisha ikarudi mkononi kwa mwenyewe.

Wimbo wa kufungulia, ule wenye sauti za wanawake zinazokwaruza na kupaa, wengi wanasema ni Kigiriki, wengine wanasema ni maneno yasiyo na maana. Mtunzi wake, Joseph LoDuca, aliujenga juu ya wimbo wa jadi wa Bulgaria uitwao "Kaval sviri". Kaval ni filimbi ndefu ya wachungaji. Jina lamaanisha filimbi inapigwa. Lugha unayoisikia ni Kibulgaria.

Na ukelele? Sitaki kudai zaidi ya ninachosikia kwa masikio yangu. Ulimi unaotikiswa haraka ndani ya sauti kali ya juu, mwanamke wa Pwani hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Sisi tunavipiga vigelegele kwa furaha, arusini na mtoto akizaliwa. Xena anavipiga akiwa hewani, adui akiwa chini yake. Nakumbuka bibi yangu, ambaye hakufuata hadithi hata kidogo, akigeuka jikoni kila akiusikia, akiuliza nani ameolewa.

Dhana: Gabrielle ni mzigo

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Msichana yule wa Poteidaia, aliyeigizwa na Renée O'Connor, hukumbukwa kama mtu wa kufuata nyuma na kuongea mno. Hebu tazama anachofanya katika sehemu hii ya kwanza. Kabla Xena hajatoka mafichoni, ni Gabrielle aliyesimama mbele ya watekaji na kujitoa: nichukueni mimi, wengine waacheni. Hana silaha, hajui kupigana, na tayari amefanya jambo ambalo yule mwenye kila silaha bado anasitasita kulifanya.

Kisha anaondoka kwao usiku. Ana mchumba aliyechaguliwa, Perdicus, na maisha yaliyopangwa. Dada yake Lila anamshuhudia akitoka. Njiani anakamatwa na jitu la jicho moja, na jicho lenyewe limepofushwa na Xena miaka ya nyuma. Gabrielle anajinasua kwa maneno, kwa kulisadikisha jitu kwamba na yeye anamwinda Xena.

Huku Amphipolis mambo ni mabaya. Draco amewasha moto mashambani na kueneza habari kwamba ni jeshi la Xena. Xena anapoingia kwenye nyumba ya mama yake, mama mwenyewe hataki kumwona. Watu wanashika mawe. Na Xena, huyu tunayemkumbuka akipiga watu kumi kwa mpigo, hajitetei. Anasimama. Ukitazama uso wa Lawless pale unajua mhusika huyu ameshaamua kwamba wana haki.

Anayeingia kati ni Gabrielle, anatumia ulimi, na mawe yanashuka. Bila yeye hakuna sehemu ya pili, wala ya 134. Xena anamwokoa Gabrielle kwa nguvu mara moja, Gabrielle anamlipa kwa maneno siku hizohizo. Wamelingana tangu mwanzo.

Dhana: Lawless aliumia akipigana kama Xena

Ajali ipo, lakini si hiyo. Oktoba 1996 alikuwa California akifanya mazoezi ya kuonekana kwenye kipindi cha mazungumzo cha usiku. Farasi aliteleza kwenye lami, naye akavunjika nyonga. Mapigano mengi makali ya kwenye tamthilia yalifanywa na wanawake waliokuwa wakisimama badala yake, miongoni mwao Zoë Bell katika misimu ya baadaye. Waandishi walilazimika kubadili hadithi wakati anauguza mifupa: katika "Intimate Stranger" Xena alikuwa amebadilishana mwili na adui wake Callisto, na wakamwacha humo, hata sehemu iliyofuata Xena akaigizwa na Hudson Leick, mwigizaji wa Callisto.

Dhana: Kuna sayari inaitwa Xena

Ilikuwa jina la utani. Gimba kubwa lililotangazwa mwaka 2005, mbali kuliko Pluto, waliolivumbua waliliita Xena, na mwezi wake wakauita Gabrielle. Mwaka 2006 likapewa jina rasmi, Eris, na mwezi ukawa Dysnomia. Dysnomia kwa Kigiriki ni hali ya kukosa sheria, na Lawless kwa Kiingereza maana yake ni asiye na sheria. Wavumbuzi walikuwa wanamkumbuka.

Dhana: Mwishoni anamuua Draco

Sharti la pambano la mwisho lilikuwa hilo: atakayegusa chini kwanza atakufa. Wanapigana juu ya magogo, kisha juu ya vichwa na mabega ya watu, na hilo kila mtu analikumbuka, kwa haki, maana ni pambano la kufurahisha mno. Draco anaanguka. Watu wanasahau kwamba Xena hamalizi kazi. Anamwamuru achukue jeshi lake aondoke bondeni, na Draco anaondoka.

Lakini kilele chenyewe hakina upanga. Xena anakwenda kwenye kaburi la Lyceus, mdogo wake aliyekufa wakati walipoulinda mji huo pamoja, kifo ambacho mama alimbebesha yeye. Anazungumza na jiwe, anamwambia ndugu yake kuwa ni vigumu kuwa peke yake. Gabrielle amesimama nyuma, amesikia. Anamjibu kwamba hayuko peke yake. Baadaye Xena anamwomba mama yake radhi na mama anamsamehe, akimwita mtoto wake mdogo, yule mwanamke mrefu aliyeshinda jeshi saa chache zilizopita.

Usiku Xena yuko porini, ameketi kando ya moto. Gabrielle amemfuata tena. Xena anamwambia atamrudisha kwao asubuhi, na Gabrielle anakataa kurudi. Xena anamrushia blanketi.