Lamu Mashariki na hesabu ya mipaka

Niliitandaza ramani juu ya mkeka, Faza, kisiwani Pate, wazee wameizunguka. Kazi yangu ni ramani: nazisaidia jamii kuandaa maoni ya kupeleka kwa Tume ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Mvuvi mmoja mzee aliitazama kitambo, kisha akaweka kidole kwenye rangi ya buluu. “Mwanangu, hapa umepaacha patupu. Na sisi hapa ndipo tunaposhinda.”

Neno lile hunirudia kila nikifungua Ibara ya 89 ya Katiba ya Kenya. Ibara hiyo imeweka maeneo bunge 290, wala haiongezi hata moja. Unachukua idadi ya watu wote nchini, unaigawanya kwa 290, unapata wastani. Kwa sensa ya 2019 iliyohesabu watu 47,564,296, wastani ni 164,015. Miji mikubwa na sehemu zenye watu wachache zinaruhusiwa kupita au kupungukiwa kwa asilimia 40, na kwingineko asilimia 30. Kwa hiyo hata sehemu yenye watu wachache, eneo bunge lake halitakiwi kushuka chini ya watu 98,400 hivi.

Lamu Mashariki, eneo bunge la Pwani ya Kenya ilimo Faza, ina watu 22,258. Haifiki hata robo ya kiwango hicho cha chini.

Mbona basi ina mbunge hadi leo? Kwa sababu Katiba, kwenye Jedwali la Sita, ilisema mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneo bunge lolote lililokuwapo. Mapitio hayo yalikamilika Machi 2012. Kinga ile ilikuwa ya mara moja tu, na imekwisha. Wengi ninaozungumza nao Pwani hawalijui hili. Wanadhani mipaka itakayofuata itaongeza tu, kama ilivyokuwa tangu uhuru: 117 mwaka 1963, kisha 158, 188, 210, hadi 290. Safari hii mji ukiongezewa kiti, kiti hicho lazima kitoke mahali.

Nami siwalaumu watu wa mijini wanaodai haki yao. Sensa ya 2009 ilikuta Embakasi ya zamani, jijini Nairobi, ina watu zaidi ya 900,000 na mbunge mmoja, ilhali Lamu Mashariki ilikuwa na 18,841 na mbunge mmoja. Mtu mmoja wa Faza alikuwa na uzito bungeni kuliko watu 45 wa Embakasi. Ile ilikuwa dhuluma, na kuigawa Embakasi mara tano ilikuwa haki. Anayetetea mashambani na visiwani bila kukiri hili hatasikizwa, wala hastahili.

Lakini tuitazame hesabu yenyewe ikitumika Lamu. Kaunti nzima ina watu 143,920, yaani eneo bunge moja, basi. Lamu Magharibi ina watu 121,662 kati ya hao. Zikiunganishwa, Wabajuni wa Faza, Kizingitini na Kiunga, pamoja na Waaweer wa vijiji vya msitu wa Boni, watakuwa kama mtu mmoja kati ya sita au saba. Mgombea ataweza kushinda bila kukanyaga Kiunga hata siku moja. Tangu 2003 fedha za CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge unaolipia pia basari za wanafunzi, zimekuwa zikigawiwa kwa eneo bunge, sehemu kubwa sawa kwa sawa. Viti viwili vikiwa kimoja, na basari hupungua.

Huniambia watu: si kuna seneta? Yupo, kila kaunti ina wake, Lamu sawa na Nairobi. Ila seneta ni wa kaunti, na kaunti hiyo wengi wake wako magharibi.

Linaloniumiza zaidi liko chini ya hapo, kwenye wadi, zinazochagua wawakilishi wa bunge la kaunti. Kanuni ya wastani inazihusu nazo. Watu wa Kenya ukiwagawanya kwa wadi 1,450 zilizopo, wastani ni 32,803. Lamu Mashariki yote, Faza, Kiunga na Basuba pamoja, haifiki hapo. Hesabu ikifuatwa bila kuangalia pembeni, wadi tatu zinakuwa moja: mwakilishi mmoja wa kumsikiliza mvuvi wa Pate na mlina asali wa Boni, ambako Operesheni Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab, ilianza 2015 na shule zikakaa zimefungwa miaka. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, mwakilishi huyo atafikaje Kiunga?

Katiba hiyohiyo inataja sura ya nchi, njia za mawasiliano, na uhusiano wa watu kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Vigezo hivi vipo, lakini vimefungiwa ndani ya ile asilimia 40. Kwa maoni yangu Katiba irekebishwe, visiwa na sehemu zenye watu waliotawanyika mno zipewe kinga ya kudumu, viti vichache vilivyotajwa kwa majina. Wanorwe wana njia yao: wakigawa viti kwa mikoa, kila mkaazi ni alama 1 na kila kilomita ya mraba alama 1.8. Hata wao, bahari hawaihesabu.

Muda upo kidogo. Mapitio yalipaswa kuwa tayari Machi 2024, miaka 12 tangu yale ya kwanza, lakini tume ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Ndiyo maana nawaambia wazee waandike sasa, na wasiandike idadi, maana kwa idadi tumeshashindwa. Waandike saa. Boti inasubiri maji yajae kwa muda gani? Petroli kutoka Mtangawanda, gati la Pate, hadi Amu, mji wa Lamu, ni lita ngapi? Mjamzito wa kisiwa cha Kiwayu hulala wapi akielekea hospitali?

Yule mzee aliniomba penseli. Akachora pale kwenye buluu njia anazopita, akatia alama miamba, akaandika majina ya milango ya bahari ambayo ramani yangu haikuwa nayo hata moja. Karatasi ile nimeiambatanisha na maoni yao, ukurasa wa kwanza.