Je, wajua kwa nini wazazi hupotea mapema katika riwaya za vijana?

Fungua riwaya yoyote ya vijana, soma sura mbili za mwanzo, kisha jiulize: baba yuko wapi? Mama je? Mara nyingi utakuta mmoja kafariki, mwingine kasafiri, au wote wawili hutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Walioachwa nyumbani nao ni wagonjwa, walevi, au hawasemezani. Mtu mzima anayesoma huenda akadhani waandishi hawa wana kisasi na wazazi. Hawana. Wanahangaika na tatizo la kiufundi, na ni gumu kuliko linavyoonekana.

Riwaya husogezwa na maamuzi. Mhusika mkuu achague, akosee, alipe, achague tena. Lakini mhusika wa riwaya ya vijana kwa kawaida ana miaka 14 hadi 17, na katika umri huo bado kuna watu wa kumwamulia. Watu hao wana pesa, wanaijua njia, wakienda shuleni au polisi wanasikilizwa. Mzazi mmoja mwenye busara na nafasi anaweza kuumaliza kwa jioni moja mgogoro ambao mwandishi aliupangia kurasa mia mbili. Na siku hizi hata safari haitoshi kumwondoa, kwa sababu ana simu.

Watambaji wa zamani walilijua jambo hili. Watu wakishaitikia "Pakawa!", haikuchukua muda kabla ya kuingia yatima, au mtoto aliyeachwa mikononi mwa mama wa kambo. Na ile methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ambayo nyumbani hutolewa kama onyo, kwa mwandishi wa vijana ni mpango kamili wa kitabu: mwondoe mama, ulete ulimwengu.

Ila kumwondoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufanya ule utupu utende jambo. Tazama The Outsiders ya S. E. Hinton, iliyotoka Marekani mwaka 1967. Hinton alianza kuiandika akiwa na miaka 15, ikachapishwa akiwa na 18, na ni kati ya vitabu vilivyowafanya wachapishaji watambue kwamba vijana ni wasomaji wenye mahitaji yao. Msimulizi wake, Ponyboy, ana miaka 14. Wazazi wamekufa katika ajali ya gari kabla hadithi haijaanza, naye na kaka yake mwingine wanalelewa na kaka yao mkubwa, Darry, mwenye miaka 20. Kifo hicho hakikuwekwa ili tumhurumie tu. Ndugu hao watatu wanajua kwamba wakiingia matatani, serikali inaweza kuwatenganisha. Basi kila ugomvi wa mtaani unatikisa pia nyumba wanayolala.

Katika Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, utupu unafanya kazi nyingine. Mhusika mkuu, Kongowea, anafiwa na mama, na baba hamjui. Pengo hilo ndilo linalomtia safarini. Ukimrudisha baba nyumbani tangu ukurasa wa kwanza, safari yote inafutika.

Miswada dhaifu huteleza hapo hapo. Mama anauawa ukurasa wa tatu kwa sababu mwandishi anataka nyumba iwe tupu, na kufikia ukurasa wa thelathini mtoto anacheka na marafiki kana kwamba hakuna aliyezikwa. Msomaji wa miaka 14 huliona hilo haraka, hasa kama naye amefiwa. Msiba ukiingia ndani ya kitabu, una haki ya kukaa: kanga ambayo hakuna anayethubutu kuifua, namba ambayo haijafutwa kwenye simu, sahani inayopakuliwa kwa mazoea kisha ikarudishwa kabatini kimya kimya. Kama mwandishi hana nia ya kuubeba msiba mpaka mwisho, amwache mama awe hai.

Na kwangu mimi, ufundi wa kweli uko hapo. Njia iliyo ngumu kuliko zote, ninayoipenda kuliko zote, ni kumbakiza mzazi nyumbani, mzima wa afya, mwenye mapenzi, na bado uamuzi ukabaki mikononi mwa kijana.

Tuseme kuna msichana wa miaka 16, tumwite Rehema. Amegundua kwamba kaka yake anauza simu za wizi. Akimwambia mama, hadithi imekwisha. Mwandishi anaweza kumuua mama, au kumpeleka mbali, au kumfanya mkali kiasi kwamba haambiliki. Sasa jaribu hivi: mama yupo, ni mpole, na kodi ya nyumba imelipwa miezi mitatu mfululizo kwa pesa ambazo kaka anasema ni za kibarua. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mama analala usingizi. Rehema hanyamazi kwa kumwogopa mama. Ananyamaza kwa kumpenda. Mlango uko wazi, mama yuko jikoni, hatua kumi tu, lakini hatua hizo haziendeki. Hakuna aliyekufa, wala aliyesafiri, na bado msichana yuko peke yake kabisa. Vijana wengi wanaujua upweke wa namna hiyo vizuri kuliko wanavyoujua uyatima.

Yupo mzazi mmoja zaidi wa kuondolewa, naye hujificha: mwandishi mwenyewe. Hujipenyeza kupitia sauti ya msimulizi. Riwaya nyingi za vijana husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, na "mimi" huyo anatakiwa awe bado yumo ndani ya mambo, hajui yataishaje. Akisema, "Nilikuwa mjinga, sikujua kwamba mapenzi ya umri ule hupita," hapo amesema mtu wa miaka 40 aliyevaa sare ya shule. Akisema, "Nilikaa na simu mkononi mpaka chaji ikaisha," kijana amerudi. Sentensi ya kwanza inamwambia msomaji kwamba maumivu yake ni ya kitoto. Ya pili inakaa naye.

Tabia hii ni ngumu kuiacha, hasa kwetu tuliokua na hadithi zinazofungwa kwa funzo. Funzo si dhambi. Lakini msomaji kijana anashinda kutwa nzima akiambiwa la kufanya, na anapofungua riwaya ametafuta mahali ambapo kwa saa moja au mbili hakuna anayemsahihisha. Mwandishi anayejua hili humwacha mhusika akosee kosa lenyewe, lenye gharama, bila kukimbilia kuwahakikishia watu wazima kwamba kitabu kimekaa upande wao.

Turudi kwa Rehema. Sura ya sita, usiku. Mama anaosha vyombo, anageuka, anamwona binti yake kasimama mlangoni.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu, mama."

Katika rasimu ya kwanza huenda mwandishi akaongeza hapo sentensi: kwamba Rehema baadaye angejuta kwa kutosema ukweli. Katika rasimu ya pili aifute. Aandike kwamba Rehema alichukua kitambaa, akasimama kando ya mama, akaanza kukausha sahani.